Akiba Haiozi? Rangi ya Baba na Vespa ya Bibi Harusi



Sisi wanawake wa visiwani hatukulelewa kutupa. Kopo la maziwa ya unga likimalizika huwa la bizari. Kanga ikichakaa huwa ya kubebea mtoto, kisha ya kufutia meza. Dini yetu imetukataza israfu, na bibi zetu wametuambia tangu tuko wadogo kwamba akiba haiozi. Ndiyo maana takriban kila nyumba ina stoo, au uvungu wa kitanda, uliojaa vitu vinavyosubiri siku yao.

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya siku hiyo inapofika. Kitu kilichowekwa miaka mingi, kwa mapenzi na kwa nia njema, unakitoa ukitumie. Je, bado ni kile kile? Kwetu suala hili limekuja kwa njia ya makopo manne ya rangi na Vespa moja, na halikuwa suala dogo.

Mdogo wetu ameolewa Mfungo Mosi uliopita, alhamdulillah. Anasomesha skuli ya shamba, mbali na mjini, na kila siku anahitaji chombo cha kumfikisha kabla kengele haijalia. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha Vespa ya kijani aliyoipenda sana. Sote tulikubaliana kwamba Vespa hiyo aende nayo kwake. Tunasema tulikubaliana kwa sababu jambo hili linasahauliwa mno majumbani: chombo cha marehemu ni mirathi, na hata kopo la rangi lililobaki stoo ni mirathi. Mama ana thumuni yake, kaka yetu aliye Maskati ana fungu lake, na sisi dada wawili tuna mafungu yetu. Basi kila mmoja alitamka kwa kinywa chake kwamba amemsamehe mdogo wetu fungu lake katika Vespa na vifaa vyake. Kaka alituma sauti yake kwa simu, Mama akaisikiliza mara mbili, na ndipo kufuli la stoo lilipofunguliwa.

Ndani tulikuta kila kitu alichokinunua Baba mwaka 2020 kwa nia ya kuipaka Vespa yake upya. Maradhi yalimuwahi kabla ya kazi kuanza. Kulikuwa na kopo la praima, kopo la lita moja la rangi ya kijani, kopo la klia na kikopo kidogo cha hadina. Kwa asiyejua: klia ni ile rangi isiyo na rangi, inayopuliziwa mwisho kabisa ili chombo king'ae na rangi ya chini ikingike na jua, chumvi na petroli. Hadina ni dawa inayochanganywa na klia ili ikomae na kuwa ngumu. Pasipo hadina yake, klia ya namna hiyo haikazi.

Juu ya kifuniko cha rangi Baba alikuwa ameandika kwa kalamu tarehe na neno moja: Vespa.

Sasa mtu atauliza, kwa nini msinunue rangi mpya yakaisha? Kwa sababu kijani kile hakikuwa na namba. Dukani walikichanganya kwa macho, Baba mwenyewe amesimama pale, akisema zidisha, punguza, hadi kikafanana na rangi iliyokuwa chini ya kiti, ambako jua halikuwahi kufika. Rangi ya namna hiyo haipatikani mara ya pili. Kwa Mama, ile haikuwa rangi tu. Alitutamkia wazi: "Vyote vinne vitumike. Baba yenu hakununua kitu kibovu."

Tuliyachukua makopo, pamoja na Mama, mpaka kwa fundi rangi mmoja Mwanakwerekwe, mtu mzima anayeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Hakukataa wala hakukubali. Alianza kwa kuyatazama makopo kwa nje. Kopo la rangi lilikuwa na kutu kidogo ukingoni, lakini kifuniko kimekaa sawasawa. Kikopo cha hadina kilikuwa kimevimba kitako. Alikiweka kando, mbali na uso wake, akafungua rangi kwanza.

Juu ya rangi kulikuwa na utando mzito kama wa maziwa yaliyochemshwa. Hakuukoroga ndani. Aliuzungushia kisu, akautoa mzima, akautupa. Chini yake mafuta yalikuwa yameelea na rangi yenyewe imezama, imekaa kitako kama tope. Alichukua kijiti bapa akaanza kukwangua kutoka chini, taratibu, karibu nusu saa. Kutikisa kopo, alituambia, ni kujidanganya, kwa sababu kilichoganda chini hakisikii mtikiso. Polepole lile tope lilirudi ndani ya rangi, na kijani cha Baba kikatokea. Akaichuja kwa soksi ya nailoni. Hakikubaki kitu ila chembe chache za kutu ya kopo.

"Hii nzima," alisema. "Ingekuwa imekatika vipande kama maziwa mabovu, nisingeigusa. Lakini imekorogeka na imechujika. Hii itapuliza."

Mama akahemewa. Tulidhani mambo yamekwisha.

Kisha akachukua kitambaa, akafunika kikopo cha hadina, akakifungua kidogo kidogo. Ilitoka pumzi. Ndani, dawa iliyopaswa kuwa nyepesi na angavu kama maji ilikuwa nzito, ina ukungu, na pembeni imefanya fuwele kama sukari.

"Wanangu," alisema, "rangi ni kama unga, ukiwekwa vizuri hukaa. Hadina ni kama saruji. Ikishaonja unyevu, imeshaanza kazi yake bila ya nyinyi."

Alitueleza sababu, nasi tumeielewa hivi. Ndani ya hadina ya klia za magari na pikipiki mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizo kazi yake ni kushikana. Zikikutana na klia, hushikana nayo na kuifanya ngumu. Lakini zikikutana na maji kwanza, hata mvuke uliomo hewani tu, hushikana na hayo maji na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana kikopo huvimba. Na hapa petu hewa ina unyevu mwaka mzima. Kikopo kilichofunguliwa mara moja tu, au ambacho kifuniko chake hakikubana, kinaanza kuharibika siku ile ile. Hata kilichofungwa vyema kutoka kiwandani hupewa muda wa mwaka mmoja au miwili hivi, si mitano.

Mama alinyamaza. Kisha akasema tena, polepole, kwamba Baba hakununua kitu kibovu.

Yule fundi alimjibu kwa adabu: "Hakununua kibovu, bi mkubwa. Kimeharibika kikimsubiri."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa sisi watoto ilikuwa rahisi kusema hadina itupwe. Lakini Mama tangu Baba afariki hajatupa chochote chake, na kikopo kile kilikuwa kimoja katika vitu vya mwisho alivyovinunua akiwa na afya. Kumwambia kwa maneno matupu kwamba hakifai ingekuwa kama kumwambia mapenzi yake hayana kazi. Na upande wa pili kulikuwa na Vespa itakayombeba mwanawe, na pesa ya kazi ambayo hatungeweza kuitoa mara mbili kabla ya harusi.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Aliomba sinia kuukuu. Tukampelekea sinia la bati lililotoboka. Alilipiga msasa, akalipulizia praima ya Baba, ambayo nayo ilikorogeka na kuchujika, kisha kijani cha Baba juu yake. Rangi ilipokauka akaligawa sinia nusu kwa gundi ya karatasi. Nusu moja aliipaka klia ya Baba na hadina ya Baba. Nusu ya pili aliipaka klia mpya na hadina yake mpya, zilizotoka kiwanda kimoja. Akaliweka juu ya paa la banda siku tatu, jua la kaskazi likiwaka.

Siku ya tatu tulikwenda sote. Upande mpya ulikuwa mgumu na unang'aa kama kioo. Upande wa zamani, kwa mbali, nao uling'aa. Fundi hakusema neno. Alimpa Mama sinia mkononi.

Mama alibonyeza kwa kidole gumba upande wa zamani. Alipokiondoa, alama ya kidole ilibaki pale, mistari yote ikionekana. Akabonyeza upande mpya, hapakubaki kitu. Kisha fundi akadondosha tone la petroli kila upande na kupangusa. Upande mpya ulibaki kama ulivyo. Upande wa zamani ulikunjamana na kubanduka mpaka kwenye rangi.

Mnajua kwamba kwenye Vespa tanki la petroli liko chini ya kiti. Kila unapotia mafuta, tone moja mawili humwagika ubavuni. Mama amepanda nyuma ya Vespa ile miaka zaidi ya ishirini, hakuhitaji kuelezwa. Alisema: "Basi nunueni mpya. Rangi iwe ya Baba yenu."

Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Klia ya zamani yenyewe ilionekana safi, haikugeuka manjano, lakini hadina ya kiwanda kile haikupatikana mjini, na fundi hakutaka kuoza klia ya huyu na hadina ya yule. Hizo mbili hutengenezwa zijuane. Bei ya klia mpya pamoja na hadina yake haikufika doti nne za kanga. Kubandua Vespa nzima na kuanza upya kungekula mara kadhaa ya hapo.

Wapenzi wetu, tumejifunza mengine mengi katika wiki zile, na kwa kuwa wengi wenu mna waume, kaka, au wenyewe mnaendesha, tunayaweka hapa.

Kwanza, rangi ni nusu ya mwisho ya kazi. Vespa haina mifupa ya bomba kama pikipiki nyingine. Mwili wake wa bati la chuma ndio mifupa yake, tangu kiwanda cha Piaggio cha Italia kilipoanza kuzitengeneza mwaka 1946. Kwa hiyo kutu kwenye sakafu ya kuwekea miguu si doa tu, ni ugonjwa wa mfupa. Yetu ilikuwa na kutu chini ya mpira wa sakafu, pale maji ya mvua na chumvi hujificha. Ilikatwa na kuchomelewa bati jipya kabla ya praima. Fundi anayekuja na rangi siku ya kwanza bila ya kufunua mpira, muulizeni.

Pili, hali ya hewa. Tulitaka kazi iishe kabla ya Ramadhani na kabla ya masika, na ndugu walikuwa wanatuhimiza kila siku. Lakini asubuhi mbili fundi aligoma kwa sababu kulinyesha manyunyu usiku na hewa ilikuwa nzito. Rangi ikipuliziwa kwenye unyevu hufanya ukungu mweupe. Alingoja siku kavu, akaanza saa tatu asubuhi umande umekwisha, kabla upepo haujaamka na vumbi. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine alingoja kama robo saa. Mwenye haraka hapa hujilipia mwenyewe.

Tatu, kipimo. Klia yetu ilitaka sehemu mbili kwa sehemu moja ya hadina, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye kopo. Nyingine ni nne kwa moja. Hakuna kukisia kwa jicho, na kuzidisha hadina hakukaushi haraka, huharibu. Ikishachanganywa, ina saa chache tu za kutumika. Iliyobaki hairudishwi koponi. Na kama ni kopo la kupuliza kwa kidole lenye hadina ndani yake, ukishabonyeza kile kitufe cha chini kuzichanganya, una siku moja, pengine mbili, kopo limekwisha hata kama limejaa.

Nne, na hili tunaliomba mlishike sana: pumzi. Isosayaneti zikivutwa puani zinaweza kumtia mtu pumu ambayo hakuwa nayo, na mwenye pumu zinaweza kumzidishia vibaya. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu. Fundi wetu alivaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya kemikali, glavu na nguo ndefu, na alipulizia banda likiwa wazi, hakuna mtu karibu. Kwenye magereji makubwa hupulizia ndani ya chumba maalumu, na fundi huvuta hewa safi ya bomba. Mdogo wetu ana pumu tangu utotoni. Alitaka sana kuona Vespa yake ikipakwa, tukamzuia, akanuna, na hakukanyaga bandani mpaka siku ya kuichukua. Mjamzito asikae hapo, mtoto asikae hapo, wala kazi hii isifanywe uani penye nguo zilizoanikwa na jiko linalowaka. Dini haituruhusu kujidhuru wala kumdhuru jirani, na moshi wa rangi hauujui ukuta wa jirani.

Tano, mabaki. Hadina iliyoharibika na klia isiyotumika havimwagwi mtaroni wala karibu na kisima. Maji tunayokunywa yako chini ya miguu yetu. Hadina iliyovimba msiibane tena kifuniko, maana gesi inaendelea kutoka. Rangi kidogo iliyobaki huchanganywa na mchanga au pumba za mbao ikauke iwe gumu kabla ya kutupwa. Haya yetu tulimwachia fundi, ana sehemu yake ya kuyaweka.

Vespa ilipotoka, haikuwa kamilifu. Ukiitazama juani utaona kijani cha mwili na kijani cha kifuniko cha taa, ambacho hakikupakwa, vimepishana kidogo, kwa sababu cha zamani kimefifia. Hatukuijali tofauti hiyo. Tuliiacha siku saba kabla ya kurudisha kiti na mpira, na tukamwambia mdogo wetu asiipake nta wala asiisugue kwa sabuni kali kwa wiki kadhaa, klia ikomae vizuri. Sasa imepita masika nzima njia ya shamba, na maji bado yanateleza juu yake.

Mama aliomba kitu kimoja tu: kifuniko cha kopo la rangi, chenye hati ya Baba. Kimewekwa kabatini pamoja na tasbihi yake. Hadina aliikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, hakutuambia neno.

Tumelifikiria sana lile neno la bibi zetu. Akiba haiozi ni kweli kwa tabia ya kuweka. Kwa vitu vyenyewe, kila kimoja kina umri wake. Udi ukiwekwa pakavu hukaa miaka. Hina ya unga ikikaa sana hupungua nguvu, na bibi harusi huja kulia usiku wa hina. Rangi hukaa, hadina haikai. Mwenye kutunza kweli ni yule anayefungua, akatazama, akajaribu kwenye sinia bovu kabla ya kujaribu kwenye kitu cha thamani. Na katika familia, jaribio moja la kushikwa kwa mkono huepusha maneno mengi ya kuumizana.

Basi wiki hii, bibi harusi wetu na mama zao, ingieni stoo. Toeni kila kopo. Andikeni juu yake limenunuliwa lini, limefunguliwa lini, na la nini. Lililo zima litumieni mapema, lenye mwenye haki aombwe ruhusa, lililokufa liondoeni kwa usalama. Na aliyeandika tarehe kabla yenu, kisha akatangulia, muombeeni dua.

Mwenyezi Mungu awape kheri katika nyumba zenu, na awarehemu wazee wetu wote. Amin.